Sorri ya Seifu

Nilikuwa kwenye tuktuk ya kwenda Mwabungo, nimebanwa kati ya mama mmoja wa buibui na jamaa aliyevaa sare za hoteli. Mama alikuwa anakwenda kwenye maziko ya ndugu yake, Seifu. Walikuwa hawasemeshani, na mwezi uliopita Seifu alimtumia ujumbe wa neno moja kwenye simu: sorri.

"Si aliomba msamaha huyo, mama?" jamaa akauliza.

"Msamaha gani, mwanangu? Sisi tuna pole, tuna samahani, tuna kutakana radhi. Nilitaka aje mwenyewe, anishike mkono, aseme dada nimekukosea. Nikanyamaza, sikumjibu."

"Kwetu hotelini sorri yatosha kwa yote. Chai ikichelewa, sorri. Mgeni akifiwa na mumewe, sorri."

Huyu jamaa hajui wakati wa kunyamaza.

"Leo kabla hawajamtoa," mama akasema, "watauliza mbele ya jeneza, aliyekosewa na marehemu amsamehe. Nitaitikia, nimemsamehe. Watasikia watu wote, isipokuwa yeye."

Tuktuk ikasimama. Dereva akasema tumefika, lakini mama hakushuka.