Siku Sita Alizoacha Munirah

Munirah binti Abdu alizaliwa Bombo tarehe 14 Aprili 1979, mtoto wa pili wa marehemu Sajini Abdu Jibril na marehemu Hajati Maimunah. Wa kwanza ni Ramathan, polisi mstaafu, anayesoma karatasi hii. Kazi ameiacha, kushuku watu hajaacha.

Alisoma Old Kampala, akahitimu uuguzi mwaka 2001, na tangu hapo aliwahudumia wajawazito katika zahanati ndogo mtaani humo. Alikuwa mkali wa usafi. Imamu alipokuja kumwadhinia mjukuu wake aliyezaliwa hapo, Munirah alimpeleka kwanza kwenye sabuni. Mwaka 2004 aliolewa na Jibril Saidi, muuza vitambaa wa Kikuubo, aliyetangulia mbele ya haki mwaka 2016.

Machi 2025, katikati ya Ramadhani, udongo ulifukia vijiji milimani upande wa Mbale. Kanisa moja la Walokole lilikusanya madaktari na wauguzi wa kujitolea, na Munirah akapanda gari lao. Ramathan hakupenda. Siku chache baadaye mfanyabiashara aliyepeleka mablanketi huko alirudi na habari: "Muzee, dada yako nimemuona. Saa saba mchana anakunywa maji, katikati ya Walokole."

Munirah aliporudi, Ramathan alimuuliza kama amebatizwa.

"Kaka, kama unashuku, shuku tu," Munirah alisema. "Mimi na Mungu yangu tunajuana."

Jibu hilo halikumtosha. Akaanza upelelezi. Mara mbili mwezi wa Mei alimpelekea zahanati gurusa za moto, mkate wa Kinubi waliofundishwa na mama yao, saa ya chakula cha mchana. Mara mbili Munirah alizifunika, akasema atakula jioni. Ramathan akaona ushahidi umetimia: dada amechukia hata chakula cha kwao. Akaacha kumtembelea. Ana aibu kusoma mstari huu, lakini ameuandika mwenyewe.

Juni figo zilianza kumsumbua Munirah. Binti yake Sumayiya alimuuguza hadi alipofariki alfajiri ya jana, Alhamisi, 4 Septemba 2025. Ramathan alifika hospitali mara moja tu, akaishia mlangoni.

Jana jioni alikuja msibani Daktari Acen, kiongozi wa Walokole wale, akaomba kumwona Ramathan.

"Muzee, kule kambini kipindupindu ilikuwa imeingia. Watu walikataa dawa ya kusafisha maji, wakasema ni sumu. Wakasema, yule anachanganya, yeye akunywe kwanza. Munirah ndiye alikuwa anachanganya. Siku nane watu wapya wanakuja, siku nane anakunywa."

Msafiri ameruhusiwa kutofunga, Ramathan alijua hilo, lakini siku lazima zilipwe.

"Alilipa mbili," Acen aliendelea, "halafu ugonjwa ikamkataza. Alisema akienda kwa Mungu nikuambie, sita zimebaki."

Kwa mazoea ya kazi yake, Ramathan alidai tarehe za hizo mbili. Sumayiya akamletea kalenda ya mama yake. Mei 12 na Mei 15 zilikuwa zimezungushiwa wino. Ndizo siku alizopeleka gurusa. Ramathan alilia mbele ya wageni, na hakujali nani anamwona.

Munirah ameacha watoto wawili, Sumayiya na Abdu, kaka mmoja, na siku sita za funga. Siku hizo amezichukua kaka. Kuanzia Jumatatu, mtu asimletee gurusa mchana.

Mola amrehemu Munirah, ampumzishe kwa amani, na amsamehe aliyemshuku.