Shimo Chini ya Jukwaa

Niwieni radhi, wanangu, wosia huu nitauvuruga. Maisha yangu yote nimewanong'oneza waigizaji maneno waliyoyasahau, na leo zamu yangu imefika sina wa kuninong'oneza. Binti yangu mkubwa, sogeza pazia kidogo tu. Lile gari bado lipo? Basi liache, sogeeni kitandani, nitasema chini chini, ndiyo kazi niliyoisomea.

Sikilizeni. Nyumba mtaishi pamoja bila kushikana mashati. Cherehani ya mama yenu achukue kitindamimba, maana ndiye pekee anayeitumia bila kuitukana. Baba yenu mdogo, aliyeninunia tangu nilipomwigiza jukwaani, mwambieni nimemsamehe; atajibu kwamba hakuomba msamaha, mwacheni, ndivyo alivyo. Ila shimo langu, lile la chini ya jukwaa, namwachia binti yangu mkubwa, nalo linanitoa jasho kuliko homa hii.

Nchi hii ilizaliwa katika ukumbi ule wa maigizo kwa kuwa hapakuwa na pengine penye viti vya kutosha. Waasisi walibishana mpaka sauti zikawakauka, wakatoka na kiapo kifupi: hakuna aliye juu ya mwenzake, sheria itanifunga mimi kwanza, na mkiniambia niondoke, nitaondoka. Siku ya kuapa, kiongozi wa kwanza, aliyekitunga kwa mkono wake, alifika kwenye maneno ya kuondoka akakwama, wala hakuwa amesahau. Nilikuwa chini ya viatu vyake. Nikanong'ona. Akatamka. Kisha akainama akaniambia, "Wewe wa huko chini, usihame." Ndipo ikawa desturi: kila kiongozi huapa pale pale, bila karatasi, na chini ya miguu yake hukaa raia mmoja wa kumkumbusha, kwa sababu waasisi walijua maneno yale yatamkwama kila mmoja wao. Yalitungwa kumfunga anayeyasema.

Jana wale wawili wa gari lile walikunywa chai yetu, wakasifu pazia. "Mzee, keshokutwa kiongozi mpya akifika mwisho wa kiapo akanyamaza, na shimo linyamaze." Nikasema shimo sasa ni la binti. Mmoja akatabasamu, akamuuliza mjukuu wangu anasoma shule gani. Mtoto akamtajia shule, mwalimu, na njia anayopita. Tumemlea kwa adabu, balaa gani hii.

Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Mimi nimekula kwa kicheko, binti yangu, sitakulazimisha kilio. Naogopa. Lakini shimo likinyamaza mara moja tu, wajukuu watadhani maneno yale hayakuwahi kuwepo. Mtoto apelekwe kwa baba mdogo mchana huu, kwa mlango wa nyuma. Yule hajawahi kumfungulia mtu anayetabasamu. Kisha wewe uamue.

Ngoja nisikie kama sauti yako inafika. Hakuna aliye juu ya mwenzake. Sheria itanifunga... mimi kwanza. Na mki... na mki...

"Mkiniambia niondoke, nitaondoka."

Ahsante, mama. Imefika.

Mungu awape sauti ndogo... isiyozimika. Shikaneni. Na wale wakiuliza nani aliyekufundisha, usibishane nao, nitaje mimi, kosa lote ni langu. Waje wanikamate. Watanikuta palepale... chini ya miguu yao.