Wasifu wa Marehemu Fundi na Shingo ya Usukani Isiyopanda

Marehemu, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi na nyumbani aliitwa Kaka hata na waliomzidi umri, alizaliwa tarehe 9 Aprili 1949, mtoto wa kwanza wa baba tarishi na mama mshona nguo. Alipenda mbio tangu alipojua kusimama. Miaka minne baadaye alizaliwa mdogo wake, ndiye anayewasomea maneno haya, ambaye hakuwa na haraka.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1957 hadi 1964, kisha miaka miwili ya ufundi wa chuma. Cheti chake kinasema alikuwa na “mikono mizuri na maneno machache.” Waliomfahamu watakubali nusu ya kwanza.

Mwaka 1968 alifungua karakana ya baiskeli chini ya ngazi za jengo la wapangaji, mahali ambapo mteja aliingia akiwa ameinama, jambo lililompa Fundi heshima kabla hajasema neno. Sifa yake ilikuwa baiskeli za zamani za chuma, na hasa kufunga shingo ya usukani, lile bomba fupi linalobeba usukani na kuzama ndani ya uma wa mbele. Aliwafundisha waliouliza na wasiouliza: “Pima kwanza. Paka grisi. Usiipandishe kupita alama ya mwisho, utakuja kula lami. Ukitaka kuisogeza, legeza boliti, halafu igonge kichwani. Mara moja! Ndani kuna kabari imebana, haisikii maombi.” Wauza magazeti walilijua somo hilo. Kinyozi alilijua. Lilitolewa kila siku saa za kazi, na saa hizo mdogo wake alikuwa kwenye kiwanda cha uchapaji, akibeba karatasi.

Baba alifariki Novemba 1973, akaacha wana wawili na baiskeli moja ya chuma, ya mashindano, aliyoinunua ikiwa tayari imezeeka. Mama aliamua kwamba wiki hii ni ya mkubwa, wiki ijayo ya mdogo. Mkubwa alitaka usukani chini, ainame kama anayekimbizwa. Mdogo aliutaka juu, kwa kuwa robota la karatasi lilikuwa limemwangukia mgongoni na kuinama hakuweza tena. Kaka akachora kwa msumari mstari wa mdogo wake kwenye shingo ile, na kila Jumapili akaipandisha au akaishusha. “Hebu kaniletee kitambaa,” alimwambia mdogo wake. Kitambaa kilipofika, kazi ilikuwa imekwisha.

Juni 1978, shingo ikiwa chini, Kaka alitangaza msiba.

“Imekufa, bwana mdogo. Chuma na alumini vimeoana humo ndani.”

“Kabisa?”

“Kabisa. Ipande hivyohivyo, kama mgongo unakubali.”

Mgongo haukukubali. Kwa fundi mwingine haikupelekwa. Mtu ambaye kaka yake ni fundi hapeleki baiskeli kwa jirani, labda awe anatafuta ugomvi. Nyingine hakununua, kwa sababu alikuwa na nusu ya hii. Alitembea hadi kiwandani kilomita tano, akarudi kilomita tano, miaka thelathini na mitano, mpaka alipostaafu mwaka 2013. Mara nyingi Kaka alimpita njiani, akapiga kengele na kumpungia mkono. Ilikuwa ni upendo. Hivyo ndivyo ilivyoeleweka.

Tarehe 20 Desemba 1980 marehemu alifunga ndoa na mwalimu wa hesabu aliyemletea baiskeli yenye usukani uliokwama. “Aligonga mara moja tu,” shemeji husimulia, “nikawa nimeshacheka.” Walijaliwa mabinti wawili. Nyumba yao ilikuwa na vicheko, na kwenye ukumbi mwembamba ilikuwa na baiskeli ile ya baba.

Oktoba 2016 alipata kiharusi, mkono wa kulia ukalala na karakana ikafungwa. Mdogo wake alimnyoa kila Jumamosi na kumsomea gazeti. Jumapili tarehe 4 Februari 2018, wodini, alifungua macho.

“Grisi,” alisema.

“Grisi gani, Kaka?”

“Kila mwaka.”

Familia haijaafikiana kama hayo yalikuwa maungamo au maagizo ya kazi. Alifariki Jumanne tarehe 6 Februari, saa nne asubuhi, mdogo wake akiwa ameshika ule mkono uliolala.

Alhamisi viti vya waombolezaji vilikataa kupita ukumbini kwa sababu ya usukani. Fundi wa mtaa wa pili, anayeitwa Spoki kwa wembamba wake, alikuja kutoa pole akiwa na spana mfukoni. “Tuugeuze ulale na ukuta,” alisema.

“Huo haugeuki,” mdogo wa marehemu alimwarifu. “Umeoana humo ndani tangu sabini na nane.”

Spoki akalegeza boliti. Akagonga. Mara moja. Shingo ikatoka yote, inang'aa kama kijiko, grisi laini kutoka juu hadi kwenye kabari, na mstari wa msumari ukiwa pale pale.

“Hii haijawahi kukwama, mzee wangu,” alisema. “Hii imetunzwa.”

Mjane alikuwa amesimama mlangoni na mto wa kiti. “Shemeji,” alisema, “yeye aliniambia wewe unapenda kutembea.”

Wasifu huu uliandikwa mara mbili, Jumatano na Ijumaa. Wa Jumatano ulikuwa na neno “mkweli” mahali pawili. Huu mnaousikiliza ni wa Ijumaa. Hata hivyo neno “fundi” limebaki kila mahali lilipokuwa, kwa kuwa kazi ile ilikuwa safi na hakuna wa kuikanusha.

Marehemu ameacha mjane, mabinti wawili, wajukuu watano, mdogo mmoja, na baiskeli moja ambayo sasa si nusu. Usukani wake umepandishwa kidole kimoja juu ya mstari wa msumari, hadi kwenye alama ya mwisho kabisa, maana mgongo nao umezeeka.

Apumzike. Ile “kwa amani” inayofuatia, mdogo wake anaomba apewe siku chache. Atamletea mwenyewe hapa kaburini, na safari hii hatakuja kwa miguu.