Honi Haikulia Ukunguni: Maneno ya Wakazi wa Huelmen kwa Mkuu wa Mamlaka

Mgeni rasmi, Kamanda Rodolfo Iturriaga, Mkuu wa Mamlaka ya Njia za Maji, Padre wetu, maofisa mliofuatana na mgeni rasmi, wakazi wenzetu,

UKARIBISHO

Sisi wakazi wa kisiwa cha Huelmen tunafurahi kukuona kwa macho. Tunasema kwa macho kwa sababu mara ya mwisho ulipopita hapa kulikuwa na ukungu, na tuliishia kukusikia tu. Karibu sana. Curanto, karamu yetu ya shimoni, imefukiwa tangu asubuhi, na hiyo harufu ya kome na nyama ya moshi inayokujia ndiyo yenyewe. Chicha, pombe yetu ya matofaa, ipo pia, ya mwaka huu, kwa hiyo inywe taratibu.

Tunakuomba radhi mapema kwamba risala hii ni ndefu. Tumeiandika ndefu kwa makusudi, na sababu yake utaiona kabla hatujafika mwisho. Anayeisoma ni Bi. Irma Cárcamo, mwalimu wa darasa la kwanza, ambaye amezoea kurudia jambo moja mara tatu bila kupandisha sauti.

HISTORIA FUPI

Mgeni rasmi, mlango huu wa bahari ni mwembamba na una maji ya kasi. Meli za samoni hupita, meli za mizigo hupita, na sisi hukatiza katikati yake na viazi vyetu, kondoo wetu na wagonjwa wetu. Sheria za kuepuka kugongana tulizijua kabla hatujajua kusoma. Mkikutana uso kwa uso, kila mmoja aende kulia kwake. Ukimwona mwenzako upande wako wa kulia, mpishe. Mkubwa asiyeweza kugeuka mkondoni, mdogo ampishe na asinune. Na ukungu ukishuka, punguza mwendo upige kelele, ili asiyekuona akusikie.

Kelele zetu ni mbili. Nchi kavu hupigwa kengele ya kanisa. Majini, ndani ya boti ya Nahodha Nolberto Chiguay iitwayo Porfiada, ilikuwapo sufuria ya marehemu Bi. Zunilda Nahuelquén. Bibi huyu alikuwa akikaa omoni, mbele kabisa ya boti, na upawa, akiipiga sufuria hiyo kama anayemfukuza mwizi jikoni. Tangu aanze kazi hiyo, ambayo hakuna aliyempa wala kumlipa, Porfiada haikuwahi kugusana na chombo chochote, isipokuwa siku moja.

Iko sheria moja nyingine ambayo haimo katika kitabu chenu. Kuna meli ambayo jina lake hatulitaji. Ni ya waliozama. Hupita ukunguni taa zake zote zikiwaka, muziki unalia, watu wanacheka, na haipigi honi kwa sababu wafu hawana wanayeogopa kumgonga. Atakayeitazama, mdomo wake huhamia sikioni. Kwa hiyo ukiiona, unanyamaza kimya na kugeuza uso mpaka ipite. Unaweza kucheka, mgeni rasmi. Wengi kwenye ofisi yako walicheka.

MAFANIKIO

Tunapenda kuishukuru Mamlaka kwa bango. Tuliomba taa ya mwamba na honi ya ukungu, tukaletewa bango kubwa la chuma lililoandikwa EPUKA MGONGANO, TAZAMA MBELE. Mafundi wako walilisimika likiangalia mlimani, kwa kuwa upande wa baharini kulikuwa na upepo. Tunakuhakikishia linafanya kazi. Tangu siku ile hakuna kondoo hata mmoja aliyegongana na mwenziwe.

Tunashukuru pia kwa waraka uliokataza kengele ya kanisa kupigwa wakati wa ukungu, kwa kuwa si ishara iliyosajiliwa. Padre aliusoma waraka huo mimbarini. Kisha akaamua kwamba ukungu ukishuka ni saa ya sala, na tangu hapo tumekuwa watu wa sala nyingi kuliko kisiwa chochote cha jirani.

AJALI

Sasa tunafika mahali pagumu, na tunaomba usitazame saa.

Siku ile ya mwanzo wa baridi, Porfiada ilikuwa ikirudi kutoka sokoni. Nahodha Nolberto alikuwa kwenye usukani. Shemeji yake, Eliseo Guenteo, alikuwa omoni akitazama, na Bi. Zunilda kando yake na sufuria. Sisi wengine tulikaa juu ya magunia. Ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba mtu angeweza kupoteza pua yake mwenyewe. Mwendo ulikuwa wa polepole, sufuria ikilia, na kila mmoja wetu alikuwa anawaza supu ya nyumbani.

Eliseo akasema, "Shemeji, mbele kuna taa."

"Taa ngapi?"

"Nyingi. Zimetundikwa juu mpaka chini, kama arusi."

"Honi umeisikia?"

"Honi hamna. Muziki ndio upo. Na kuna mtu anaimba vibaya."

"Wanacheka?"

"Wanacheka, shemeji."

Bi. Zunilda akauweka upawa mapajani. Nahodha Nolberto akavua kofia, akasema kwa sauti ya chini, "Jamani, geuzeni nyuso. Wote. Na wewe Eliseo, geuka."

"Mimi si ndiye mtazamaji?"

"Geuka, nimekwambia. Dada yangu nitamjibu nini nikikurudisha mdomo uko shingoni?"

Tukageuka. Tulitazama magunia ya viazi kwa bidii kubwa. Bi. Zunilda alifumba macho kabisa, akanong'ona kwamba uso wake si mzuri lakini ameuzoea. Kisha boti ya doria ya Mamlaka, iitwayo Prudencia, yaani Busara, ikatuingia ubavuni.

Mbao nne zilipasuka. Kondoo wawili walikwenda majini na hawakurudi. Eliseo alivunjika mkono. Muziki ukazimwa, na kutoka juu kabisa mtu mwenye glasi mkononi akatufokea, "Nyie vipofu?"

Bi. Zunilda ndiye aliyemjibu. "Hapana, baba. Tumefumba macho."

Tulikuja kujua baadaye kwamba ilikuwa tafrija ya kumuaga ofisa anayestaafu, na kwamba honi ya Prudencia haikupigwa ili isivuruge hotuba.

UCHUNGUZI

Mgeni rasmi, wewe mwenyewe ulikuwamo ndani ya Prudencia, na wewe mwenyewe ukawa mwenyekiti wa uchunguzi. Wahenga walisema kesi ya ngedere hakimu nyani, ila hawakuwahi kuona ngedere na nyani wamevaa kofia moja. Ulijihoji kwa ukali, ukajitetea vizuri, na ukajikuta huna hatia.

Nahodha Nolberto alivaa koti lake la misa akasimama mbele ya meza yako. Ulimuuliza kwa nini mtazamaji wake hakutazama. Angeweza kudanganya. Shemeji yake alimsihi usiku kucha aseme kwamba ukungu uliziba kila kitu, na ungemwamini. Yeye akasema ukweli wote, pamoja na ile meli, kisha akamalizia, "Mkuu, watu walio hai hupiga honi. Ningejuaje kama ni nyinyi?"

Meza nzima ilicheka. Ukaandika kwamba chanzo cha ajali ni ushirikina kazini, na leseni yake ya unahodha ikachukuliwa mpaka hapo utakapoamua vinginevyo. Ukaongeza kwamba akikutwa anaendesha bila leseni, Porfiada itataifishwa.

Tunakiri kosa letu. Mtazamaji hageuzi uso, hata kama anayekuja ni shetani na bendi yake. Eliseo anakiri, na mkono wake unamkumbusha kila mvua ikikaribia. Lakini hatujasikia bado kosa la upande wa pili, ule uliokuwa na rada, redio na honi tatu.

CHANGAMOTO

Badala ya Porfiada tulipewa boti ya Mamlaka inayokuja kila Jumanne, hali ya hewa ikiruhusu. Ni boti nzuri, ina viti. Bi. Zunilda alifanya kosa la kuugua Jumatano.

Kifua kilimbana asubuhi. Mwanawe alikwenda kwa Nahodha Nolberto. Nahodha alishaona wanavyombeba kwa blanketi. Wakamlaza ndani ya Porfiada, ambayo mbao zake tulishazibadilisha, nahodha akawasha injini, akakaa kwenye usukani. Hali ya bahari ilikuwa shwari. Hospitali ya ng'ambo unaiona ukisimama gatini.

"Twende, Nolberto," mwanawe akasema.

"Nikikamatwa wanaichukua boti. Wakiichukua, kesho mtapanda nini?" Akachukua redio akaiita Mamlaka, akaomba ruhusa, akaeleza kuna mgonjwa.

Redio ikajibu, "Subiri."

Akasubiri. Akaita tena.

"Subiri, anayehusika yuko mezani anakula."

Bi. Zunilda, aliyekuwa anapumua kwa shida, alimvuta nahodha mkono wa sweta. "Usigombane nao, mwanangu," alisema. "Niangalizie tu sufuria yangu isije ikaachwa kwenye jua." Jua halikuwapo. Ruhusa ilifika alasiri, ikiwa na masharti mawili, na wakati huo tulikuwa tumeshamrudisha nyumbani kwake amefunikwa uso.

Tuna hasira, mgeni rasmi. Tumejaribu kuiandika kwa lugha ya adabu na tumeshindwa, kwa hiyo tunaisema hivyo hivyo. Nahodha Nolberto ndiye aliyeumia kuliko wote. Kila asubuhi hushuka gatini, hufuta injini kwa kitambaa, hukaa kwenye usukani wa boti iliyofungwa, kisha hupanda nyumbani. Mkewe, Bi. Edelmira, anasema mumewe siku hizi hamalizi sahani. Yupo hapa, safu ya tatu, amevaa lile koti la misa. Alitukataza kumtaja. Alisema, "Msiende kumlamba mtu miguu kwa ajili yangu." Tumemtii upande wa kulamba tu.

MAOMBI

Tunaomba leseni ya Nahodha Nolberto irudishwe. Tunaomba taa kwenye mwamba na honi kwenye gati. Tunaomba vyombo vya Mamlaka navyo vipige honi ukunguni, hata kama kuna hotuba. Tunaomba bango ligeuzwe litazame bahari, kondoo wameshaelewa.

Haya yote tuliyaandika kwenye barua tisa. Hii ni mara ya kwanza kuyasoma mbele ya mtu ambaye hawezi kuondoka.

MANENO YALIYOONGEZWA KWA KALAMU ASUBUHI HII

Mgeni rasmi, utakumbuka mwaliko wetu ulikusihi ufike siku hii, maji yakiwa yamejaa kabisa. Jana usiku mwezi ulikuwa mpevu, na leo ni bamvua kuu, maji yanapopanda juu kuliko siku nyingine zote. Prudencia ilipoingia, Eliseo alikuwa ufukweni akiielekeza kwa mkono wake mzima. "Sogea, afande. Sogea bado. Mgeni rasmi asilowane viatu."

Sajini wako aliuliza kama maji hapo hayakauki. Eliseo akamjibu kwamba kwa wakati ule hayajakauka, na huo ulikuwa ukweli.

Ulipopanda ngazi na kutusalimia kwa ile sauti yako nzito, abiria wote wa Porfiada walitazamana. Tuliitambua. Uimbaji tumekusamehe.

Kwa hesabu yetu, hapa tulipofika kwenye risala, maji yameshapwa. Unaweza kugeuka utazame. Hakuna mdomo utakaohama. Prudencia imelala ubavu kwenye tope, juu kabisa karibu na banda la kuku la Bi. Edelmira. Bahari haitarudi kufika pale mpaka bamvua ijayo. Redio yake inafanya kazi, lakini ofisini kwako ni saa ya chakula.

Chombo kinachoelea sasa hivi kisiwani ni kimoja, Porfiada. Kiko tayari na injini imefutwa. Tulipomuuliza Nahodha Nolberto kama atakuvusha, alifikiri, akasema hana kinyongo na mtu, ila hana leseni. "Nitaita Mamlaka niombe ruhusa," alisema. "Wakiniambia nisubiri, nitasubiri."

ZAWADI

Tumekuandalia zawadi ndogo kwa ajili ya Prudencia siku itakayoelea: sufuria ya Bi. Zunilda na upawa wake. Mwanawe ameitoa kwa hiari. Haihitaji umeme wala fundi, na hata mtu aliyeshika glasi kwa mkono mmoja anaweza kuipiga kwa mwingine.

MWISHO

Leseni ya nahodha ilikuja na wewe kwenye mkoba wako. Sajini alituambia hivyo alipokuwa anakunywa chicha. Kalamu iko mezani, kando ya sahani yako. Ukipenda kusaini kwamba umemrudishia, Porfiada inang'oa nanga baada ya curanto. Usipopenda, godoro limetandikwa nyumbani kwa marehemu, chumba kikavu, dirisha linatazama hospitali. Boti ya Mamlaka itakuja Jumanne, hali ya hewa ikiruhusu.

Leo ni Jumatano. Mungu akulinde kifua.

Ni sisi wenyeji wako, tulio hai na tunaosikika,
Wakazi wa Kisiwa cha Huelmen