Majani ya Shemeji na Taa ya Breki

Benchi letu liko nje ya duka la kinyozi, limeegemea ukuta, na mguu wake mmoja umewekewa tofali lisije likatumwaga. Jioni kazi zikipungua tunakaa hapo: Kinyozi mwenyewe, upande wa mlango ili amwone mteja, Redio, muuza vitambaa asiyenyamaza hata wembe ukiwa kooni, mimi fundi viatu, na Breki, dereva wa malori aliyestaafu. Mama Kahawa anatumiminia na kutusikiliza, na tukimchosha anatuzidishia tangawizi makusudi. Jioni hiyo Breki alikuja kachelewa, akashika kikombe asinywe.

— Majani yanakufa, akasema.

Hakuna aliyeuliza majani gani. Sote tulilijua tangi la samaki la mkewe, la kioo, lililojaa mimea ya majini aliyoilea kama watoto wa kuzaa. Tangu shemeji apasuliwe nyonga alikuwa kitandani tu, na Breki akalihamishia tangi chumbani apate cha kutazama. Lakini dirisha la chumba kile linatazama ukuta wa jirani. Mchana humo ni kama jioni.

— Daktari kasema aanze kutembea. Hataki. Kuongea pia hataki. Anayatazama majani yanavyogeuka manjano, halafu anafumba macho.

— Huzuni hiyo, imeyaambukiza, Redio akadakia. Yasomee taarifa ya habari kila asubuhi, yachangamke.

— Kwa habari hizi? Kinyozi akamkata. Si yatakauka siku hiyo hiyo!

— Yanataka mwanga tu, Mama Kahawa akasema.

— Ndiyo. Na taa nitaitengeneza mwenyewe, Breki akasema. Nimefunga taa za lori porini, mvua inanyesha, sembuse chumbani kwangu?

— Basi funga hizo hizo za lori! Redio akaruka. Weka na indiketa, samaki wajue kukata kona.

— Watadhani wanagongwa, bwana. Sikilizeni, alisema Kinyozi. Mimi nina vioo. Tunavipanga kuanzia barabarani, hiki kinampa mwenzake jua, mwenzake anampa mwenzake, mpaka chumbani.

— Na jua likizama?

— Tunatumia mwezi.

Na mimi sikubaki nyuma. Nikashauri, kwa uso mkavu, tuyapake majani rangi ya kijani, maana dawa ya viatu ninayo ya kila aina.

Breki hakucheka. Ndipo akatueleza kwamba jaribio la kwanza limeshamshinda. Alibandika mkanda wa taa kwenye ubao, akaulaza juu ya tangi. Mvuke wa maji ukaingia kwenye viungo vya waya, zikaruka cheche, nyumba nzima ikawa giza.

— Basi nikasikia sauti yake humo gizani: "Baba, unataka kuniua au kunichekesha?" Siku nyingi hajaniambia neno refu hivyo. Nikakaa chini pale pale, nikafurahi mpaka nikaona aibu.

Mama Kahawa akachukua kikombe chake kilichopoa, akammiminia kingine. 

Kesho yake tukaenda wote. Kinyozi alileta kipande cha alumini kutoka kwenye fremu ya dirisha kuukuu, maana ubao unanyonya maji na taa zinataka chuma cha kuzipunguzia joto. Tukabandika mikanda ya taa nyeupe humo. Breki akachomelea waya kwa risasi, mwekundu kwa mwekundu, mweusi kwa mweusi, na kila kiungo akakivika mpira. Mimi nikapaka silikoni juu yake, kazi ya gundi naijua. Adapta tukaifunga ukutani, mbali na maji. Waya wake tukauacha uning'inie chini kwanza kabla ya kupanda, ili tone likiteleza lidondoke sakafuni, lisifike kwenye umeme. Redio alishika tochi na kutuelekeza makosa. Shemeji kitandani alitutazama mmoja mmoja, kama mtu anayehesabu wagonjwa wenzake.

Taa ikawaka. Maji yakawa kama kioo kipya, samaki wakatoka mafichoni. Breki hakuitazama taa. Alimtazama mkewe.

Siku zikapita. Breki akatuletea habari kwamba majani yameanza kuchipua, na hapo ndipo ugomvi wa kweli ulipoanza.

— Ni alumini yangu, Kinyozi akasema. Inavuta nguvu za hewani.

— Acha! Mimi niliyapigia stori wakati mnafunga waya, akasema Redio. Majani yalinielewa. Moja lilitikisa kichwa.

— Ni gundi, nikasema mimi. Harufu yake inafungua mapafu.

— Majani yana mapafu?

— Yasingekuwa nayo yangepumuaje?

Tulikuwa tumefika kwenye mapafu tuliposikia magongo. Tok, tok, taratibu, kutoka upande wa nyumbani kwa Breki. Shemeji alikuwa anakuja, kajifunga kanga mbili, kandambili zimejaa vumbi. Breki akasimama, kahawa ikammwagikia suruali, asishtuke.

— Hamjambo hapa?

— Hatujambo, shemeji! Karibu!

— Asanteni kwa taa. Majani yanapendeza. Ila inawaka usiku na mchana. Huyu wenu amezoea kulala kwenye taa za malori, hajali. Mimi nalala na kitambaa usoni, na kioo kimeanza kuota utando wa kijani. Hata majani hulala, jamani. Nimezunguka chumba kizima tangu asubuhi, nimepapasa ukuta wote. Swichi iko wapi?

Kinyozi akamtazama Breki. Breki akanitazama mimi. Redio akaanza kuhesabu vidoleni: alumini, mikanda, waya, mpira, gundi, adapta.

— Umekuja kwa miguu, Breki akasema polepole.

— Nimeuliza swichi.

Kinyozi akasogea, nami nikasogea. Redio akasimama kabisa. Shemeji akaketi katikati yetu, akaegemeza magongo ukutani, akapokea kikombe kwa Mama Kahawa, na akaendelea kungoja jibu.