Daktari Bupe na Uji wa Mama Mkwe

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti. Leo tunamkumbuka Daktari Bupe Mwakatobe wa Chang'ombe, tuliyemzika juma lililopita baada ya presha kumwangusha ghafla. Bupe alikuwa daktari wa tumbo. Aliwafundisha madaktari wengi wa huku Temeke kutibu kiungulia sugu bila kumpasua mtu. Yeye mwenyewe alijifunza kwa taabu.

Tuelewane kwanza. Kiungulia cha chapati za mafuta sote tunakijua, kinakuja na kupita. Kuna kingine. Pale mrija wa chakula unapoingia tumboni pana kilango, na kikilegea, asidi inapanda kooni kila ukilala. Daktari anapitisha mdomoni bomba lenye kamera, pamoja na kifaa cha kukunja nyama ya tumbo na kuibana, mpaka kilango kikaze tena. Kisu hakiguswi. Lakini mkono ukikosea, tumbo linatoboka.

Mkono huo Bupe aliufundisha kwa matumbo ya nguruwe, maana yanafanana na yetu. Aliyanunua kwa muuza kitimoto, akayakunja na kuyabana, akatoboa mengi. Mumewe, Fredrick, anacheka huku anajifuta machozi: "Mie nafungua friji nitafute maji, nakutana na matumbo. Nikimuuliza, ananiambia bora nitoboe haya."

Kisha akaja Daktari Augustine, mwalimu wake, kutoka nje ya nchi. Bupe alifanya kazi chini ya macho yake, mgonjwa baada ya mgonjwa. Ikabaki siku ya mwisho, siku ya kufanya peke yake huku mwalimu akitazama tu. Akifaulu, anaidhinishwa. Asipofaulu, huduma haianzi, na Augustine anaondoka jioni ile ile.

Mgonjwa wa siku hiyo alikuwa Noela, mwalimu wa shule kutoka Mikocheni. Dawa zote zilikuwa zimegoma. Kwa miaka alikuwa akilala ameketi kwenye kochi, maana akijinyoosha tu anaamka anapaliwa. Alikuja na mama mkwe wake, Mama Editha, aliyemshika mkono muda wote. Bupe akamwamkia mama shikamoo, akamgeukia Noela, akamuuliza kama ametia chochote mdomoni tangu jana. Noela akamtazama mkwewe. Akasema hapana.

Akalazwa, akapewa dawa ya usingizi. Bupe akashusha bomba. Kwenye kioo, chini kabisa ya tumbo, akaona uji.

Wasikilizaji wapendwa, uji. Mtu aliyelazwa usingizi wa dawa akiwa na uji tumboni, uji ule unaweza kupanda na kuingia kwenye mapafu. Na ulikuwa umeshapanda. Mashine ikaanza kulia, hewa kwenye damu inashuka. Wakanyonya, hewa ikarudi kidogo, ikasita. Kilango chenyewe kilikuwa pale pale mbele ya Bupe, kazi aliyoijua kuliko jina lake. Akamtazama mwalimu wake.

Augustine alikunja mikono. "Mgonjwa wako huyo," akasema. "Amua."

Bupe alijua akitoa bomba ametoa na idhini yake. Mashine ikalia tena. Akasema, "Natoa."

Noela alipelekwa chumba cha uangalizi maalumu, kifua kimejaa. Nje, Mama Editha alikiri palepale. Kwao binti hapelekwi kwenye jambo zito na tumbo tupu, kwa hiyo asubuhi alimpa uji wa ulezi. Na Noela angekataaje, mkwe amesimama na kikombe?

Hospitali ilipoitisha kikao, wengi walitaka kumtupia lawama yule mama. Bupe alikataa. "Kosa langu," alisema. "Nilimuuliza mbele ya mkwe wake. Angejibu nini kingine?" Augustine akaondoka bila kumwidhinisha. Bupe akarudi kwenye matumbo ya nguruwe, na jioni akipita kumtazama Noela. Fredrick anasema siku zile hakula vizuri, akiogopa simu ya hospitali ikilia.

Noela alipona kifua. Ndugu wakasema apelekwe India. Yeye akasema atamsubiri daktari aliyejua kuacha. Augustine aliporudi mwaka uliofuata, Bupe aliwatoa ndugu wote chumbani, Mama Editha pia, akafunga mlango, akauliza upya. Safari hii tumbo lilikuwa tupu. Akakunja, akabana, kilango kikakaza. Augustine akaweka saini.

Tangu hapo, kila daktari aliyefundishwa na Bupe alianza kwa kufunga ule mlango. Kifaa kilifuata baadaye.

Msibani tulimkuta Noela. Alikuwa amelala pale na kina mama wengine. Alituambia hivi: "Usiku wanawake tulitandika mikeka sebuleni kwake, tukalala chini. Nimelala chali hadi asubuhi. Nimeamka nikakumbuka nipo kwa nani, ndipo nikalia."

Poleni sana, Fredrick na watoto. Poleni ndugu wa Mbeya, poleni wauguzi na madaktari aliowalea. Pengo hili ni letu sote.

Nawe unayetusikiliza, kesho huenda ukampeleka mtu wako hospitali. Jiulize leo, ni lipi hawezi kulisema ukiwa umesimama pale? Daktari akikuomba utoke nje, mama yangu, baba yangu, toka.