Nauli ya Mzee Ezron ni Swali

Alhamisi hii, tarehe 25 Septemba, dereva Ezron Nzunda anakabidhi ufunguo wa basi dogo la kosta namba saba, baada ya miaka thelathini na moja katika Ushirika wetu wa Usafiri hapa Mpemba, jirani na Tunduma. Ukumbi ulikuwa umeshaulizwa bei na mbuzi ameshaonwa. Mwenyewe akasema hataki ukumbi wala mbuzi, anataka aagwe ndani ya gari, kwenye safari ya shule. Ndiyo maana wengi wenu mnaisoma karatasi hii mkiwa mmekaa kitini, na pembeni yenu kuna mtoto anayetaka dirisha.

Nimeambiwa niandike mimi kwa sababu dirisha langu la tiketi linatazamana na mahali anapoegesha.

Mzee Ezron alianza mwaka 1994 akiwa konda. Miaka mitatu baadaye akashika usukani, Tunduma hadi Mbeya na kurudi, na hajauachia. Ukipanda gari lake unajua utafika, na unajua pia utasalimiwa. Mizigo ya kina mama hairushwi. Kuku akifungwa vibaya, Mzee hasogezi gari mpaka afunguliwe, afungwe vizuri.

Lakini yeye mwenyewe anasema kazi yake hasa ilianza mwaka 2016. Siku moja mtoto mmoja aliyekaa nyuma yake alisoma kibao cha barabarani kinachoelekeza kwenye Kimondo cha Mbozi, akamuuliza, "Babu, hilo jiwe lililoanguka kutoka juu, uliliona likoje?" Mzee alikuwa amekipita kile kibao karibu miaka ishirini, na hajawahi kukunja kona hata mara moja. Akamjibu kwamba hajui. Neno hilo lilimkaa. Wiki iliyofuata, siku yake ya mapumziko, akapanda bodaboda akaenda kuliona, akarudi na maswali mengi kuliko aliyoondoka nayo.

Sasa, kwetu kila gari hupumzishwa siku moja kwa wiki. Asubuhi linapita gereji, na kufika saa tatu limeshamaliza, linakaa tu uani. Mzee akaenda kwa mwenyekiti wetu, Mzee Athuman, akaomba siku hiyo gari liwachukue wanafunzi bure, waende kuona vitu. Mwenyekiti akamwambia, "Ezron, gari likikaa halinywi dizeli." Mzee akasema, "Sawa, mwenyekiti, ila na mtoto akikaa hajui kitu." Walivutana mwezi mzima, wakaafikiana hivi: gari bure, dizeli ya ushirika, lakini dereva aende siku yake ya mapumziko, bila malipo, na jina lake aliandike mwenyewe kwenye daftari la safari za shule. Daftari likikosa jina la dereva, safari hakuna.

Kwa miaka tisa daftari lile limekuwa na jina moja tu.

Nauli nayo aliitunga yeye. Mtoto akipanda lazima atoe swali, na konda analiandika kwenye daftari hilohilo. Bila swali hukai. Nimeyasoma mengi nikiwa dirishani mchana, wateja wakipungua. Kuna aliyeuliza kama kimondo kikinyeshewa kinapata kutu. Kuna wa Ikinga, huko Ileje, aliyeletwa kuiona stesheni ya Tunduma, akauliza kwa nini treni haina usukani. Na kuna binti wa Mlowo aliyeuliza kwa nini kahawa tunalima sisi, halafu nyumbani tunakunywa chai. Hilo Mzee alilipeleka kwa wakulima watatu. Kila mmoja alicheka, akamkaribisha chai.

Siwezi kuandika bila kusimulia ya konda Kefa. Safari ya kwanza kabisa ya kwenda kimondoni, watoto walijibana viti vya nyuma ili wakae na marafiki zao, mbele kukabaki wazi. Gari lilipopunguza mwendo pale Vwawa, Kefa, kwa mazoea ya miaka, akafungua mlango akaanza, "Mbalizi, Mbalizi, viti vipo." Watu watano wakapanda. Walidhani wale watoto ni wa kwaya. Mzee hakugundua mpaka aliposikia sauti ya mama, "Dereva, mbona tunaiacha lami?"

Kefa akaangalia viatu vyake. Mzee akasimamisha gari, akaomba radhi, akaeleza. Wanne wakashuka wakinung'unika, wakarudi barabarani. Wa tano, Mama Enesi, muuza parachichi, akabaki na tenga lake mapajani. Akasema, "Nimezaliwa hukuhuku Mbozi, nina wajukuu saba, na hilo jiwe nalisikia tu. Kefa mwanangu, funga mlango."

Alilizunguka mara tatu. Aliligonga kwa pete yake akasikiliza. Alimuuliza mwenyeji wa pale nani aliliona likianguka, na alipoambiwa hakuna anayejua lilianguka lini, akasema basi jiwe lilitutangulia, hata sisi wa jirani ni wageni. Parachichi zote zililiwa na watoto palepale, na hakutaka kulipwa.

Tangu siku hiyo viti viwili vya mbele havikaliwi na mwanafunzi. Tunaviita viti vya Enesi. Ni vya mtu mzima yeyote wa njiani ambaye hajawahi kuona kinachokwenda kuonwa. Naye anatoa swali kama wengine.

Mwaka huu, tulipojua Mzee anastaafu, tukaanza kutazamana. Shule tatu zilikuwa hazijapata zamu, mojawapo ya Chapwa, anakosoma binti yangu Raudha, darasa la nne. Swali lake alishaliandaa tangu Mei, ananificha. Mwalimu mkuu wao alikuja dirishani mara mbili kuuliza kama safari zitaendelea baada ya Mzee. Nilimwambia ngoja nikuulizie. Sikuwa na wa kumuuliza. Madereva wetu wana familia, na siku ya mapumziko ni moja.

Dereva Ipyana ndiye aliyekuwa akimtania Mzee zaidi. "Shikamoo mwalimu wa usukani, leo tunasoma nini?" Wiki mbili zilizopita alikuja kukaa kibandani kwangu akisubiri tairi lizibwe, akaliona daftari, akaanza kusoma. Alicheka, akafunua ukurasa mwingine. Tairi likazibwa, bado anasoma. Akaniuliza, "Dada Stumai, hivi kweli, kwa nini treni haina usukani?" Nikamwambia mimi nakata tiketi tu.

Kesho yake ilikuwa siku yake ya mapumziko. Akaenda stesheni, peke yake, kuuliza. Aliporudi alikuwa na mafuta ya reli kwenye shati, na akanieleza habari za magurudumu na reli mpaka foleni ya abiria ikalalamika. Halafu akaomba kalamu. Chini ya majina yote ya Ezron Nzunda, kuanzia safari ya leo, kumeandikwa Ipyana Simbeye. Alisema, "Usinicheke." Sikumcheka.

Mistari hii ya mwisho nimeiongeza hapa kituoni, kabla karatasi hazijagawiwa. Leo Ipyana ndiye anayeendesha, Kefa yuko mlangoni, na watoto wa Chapwa wako nyuma. Mzee Ezron amepanda wa mwisho, akaelekea kiti cha Enesi cha upande wa kushoto. Kefa akamzuia kwa daftari. Mzee akatoa nauli yake, na imeandikwa kama ilivyo: "Miaka yote nimekaa upande wa kulia, macho barabarani. Huku kushoto kuna nini?"

Asante, Mzee wetu, kwa siku za mapumziko ambazo hukupumzika. Uishi vizuri na Mama na wajukuu, afya iwe nawe, na usikose cha kuuliza. Kaa dirishani, utazame. Ukifika utuambie.